Kigugumizi si woga: Funzo la filamu ya mfalme

UKISOMA magazeti ya Kiswahili au kusikiliza taarifa za redioni kwa juma moja tu, hutakosa kukutana na neno kigugumizi. Ajabu ni kwamba mara nyingi neno lenyewe halihusiani na ulimi wa mtu yeyote. Tume fulani ‘ina kigugumizi’ kutoa ripoti yake. Waziri ‘amepatwa na kigugumizi’ alipoulizwa mahindi yalikwenda wapi. Serikali ‘ina kigugumizi’ katika vita dhidi ya ufisadi. Msomaji huelewa papo hapo: watu hawa wanaficha jambo, wanaogopa, au hawana nia.

Tumeizoea sitiari hii hata hatuisikii tena. Hebu leo tuisikie. Ikiwa kigugumizi ni jina la woga na ukwepaji, tunamwambia nini kijana ambaye ulimi wake hukwama kila anapotaka kutaja jina lake?

Nitalijadili swali hilo kupitia filamu ya The King's Speech, iliyotoka mwaka wa 2010. Si filamu mpya, najua. Lakini ndiyo iliyokifanya kigugumizi kuwa kiini cha hadithi nzima, na mhusika wake mkuu aliwahi kuitawala nchi hii. Dai langu ni fupi. Filamu hii inatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili chetu cha magazetini na madarasani kimeyachanganya, nayo ni ulimi mzito na nia dhaifu.

Hotuba au kauli?

Kwa wasioitazama, kisa ni hiki. Albert, mwana wa pili wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, ana kigugumizi tangu utotoni. Nyumbani anaitwa Bertie. Maadamu kaka yake ndiye mrithi, aibu hiyo inaweza kufichwa. Lakini redio imeingia. Mfalme wa zamani alihitaji tu kuvaa vizuri na kukaa sawasawa juu ya farasi. Huyu wa sasa lazima aingie nyumbani mwa watu kwa sauti yake. Desemba 1936 kaka anakiacha kiti ili amwoe mwanamke aliyekwisha kutalikiwa, na Albert anakuwa George wa Sita. Septemba 3, 1939, Uingereza inaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mtu asiyeweza kusema anatakiwa awasemeshe mamilioni. Anayemsaidia ni Lionel Logue, mtu wa Australia asiyekuwa daktari kwa cheti chochote.

Mwelekezi ni Tom Hooper. Colin Firth ndiye mfalme, Geoffrey Rush ndiye Logue. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora wa kiume. Mswada uliandikwa na David Seidler, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na kigugumizi utotoni. Alipomwomba ruhusa mjane wa mfalme, mama huyo alimsihi asubiri hadi atakapokuwa ameaga dunia, kwa kuwa kumbukumbu zile zilimuuma bado. Mama akaishi hadi mwaka wa 2002, akafariki akiwa na umri wa miaka 101. Seidler alikuwa na miaka 73 alipoipokea tuzo yake. Subira hiyo!

Anayejaribu kulitafsiri jina la filamu hii hukwama mlangoni. Neno la Kiingereza linalotumiwa hapo lina maana mbili kwa pamoja: hotuba anayoitoa mtu jukwaani, na uwezo wenyewe wa kunena. Ukisema ‘Hotuba ya Mfalme’ umepata ile ya Septemba 3 lakini umepoteza ulimi. Ukisema ‘Usemaji wa Mfalme’ umepata ulimi, hotuba imekuponyoka. Pendekezo langu ni ‘Kauli ya Mfalme’. Kauli ni tamko rasmi, na pia ni namna ya mtu ya kusema. Twasema fulani katoa kauli, na twasema pia fulani ana kauli nzuri. Neno letu linabeba mizigo yote miwili bila kulalamika.

Mfalme wa kwenye sarafu

Msomaji wa Thika au Ruiru ana haki ya kuuliza: ulimi wa Mwingereza unanihusu nini mimi?

Unamhusu. Filamu inaanza Oktoba 31, 1925 katika uwanja wa Wembley, Albert akishindwa kuimaliza sentensi mbele ya umati na kipaza sauti. Jambo ambalo filamu haisemi ni kwamba miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa huku kwetu. Alitia nanga Mombasa Desemba 1924 pamoja na mkewe, wakaja kuwinda. Baadaye wazazi na babu zetu walimjua kama kichwa kwenye sarafu za shilingi ya Afrika Mashariki, na vijana wa huku wakapelekwa hadi Burma kupigana katika vita alivyovitangaza kwa taabu redioni. Alipofariki usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, bintiye Elizabeth alikuwa Treetops, Nyeri. Hospitali ambayo wagonjwa wa Thika na Ruiru hupewa rufaa kwenda, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliitwa King George VI kabla ya uhuru. Wazee wengine bado huiita ‘Kingi Joji’ bila kujua kwamba Joji mwenyewe alikuwa na kigugumizi.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Wakati Albert akiwinda Kenya, Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui hapa hapa Kiambu, alikuwa uhamishoni mbali na kwao. Alikamatwa Machi 1922 kwa sababu ya kusema: alisema kuhusu kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hakurudi kwao hadi miaka minane hivi ilipopita.

Basi tuna watu wawili. Mmoja ana jukwaa, kipaza sauti na himaya nzima ya kumsikiliza, ila ulimi hauendi. Mwingine ulimi wake unakwenda vizuri kabisa, ila amezibwa kinywa. Filamu inatuliza kwa ajili ya yule wa kwanza na haina habari na yule wa pili. Sisemi tusimhurumie mfalme. Nasema tunaoitazama filamu hii kutoka Kiambu tunaona viti viwili, kimoja kikiwa kitupu.

Ukiwaweka wawili hao pamoja na yule waziri wetu wa mahindi, unapata vimya vitatu tofauti. Kuna kushindwa kusema, kuna kuzuiwa kusema, na kuna kukataa kusema. Cha kwanza ni maumbile, cha pili ni dhuluma, cha tatu ni hila. Magazeti yetu yamechukua jina la kile cha kwanza na kukivika kile cha tatu. Hapo ndipo kosa lilipo.

Kimya kinavyopigwa picha

Sasa tuingie katika ufundi. Filamu nyingi huogopa kimya. Hii inakaa ndani yake. Kamera inamsogelea Firth hadi tunaona koo likikazana na taya likitetemeka kidogo, kisha hakuna kitu. Hasemi ‘m-m-mimi’ kama wachekeshaji wetu wafanyavyo wanapomwiga mwenye kigugumizi. Mara nyingi hasemi lolote, na huko ndiko kukwama kwenyewe: neno lipo, analijua, limesimama nyuma ya meno na mlango haufunguki. Mara nyingi Hooper anamsukuma pembeni mwa picha, ukuta mtupu ukachukua nafasi iliyobaki. Mtazamaji anaanza kutamani kummalizia sentensi, kisha anatahayari kwa kutamani hivyo.

Tukio ninalolithamini zaidi ni fupi, na wengi hulipita. Mfalme na familia yake wanatazama picha za habari, na anatokea Hitler akihutubia umati. Binti anauliza mtu huyo anasema nini. Baba anajibu kwamba hajui, ila inaonekana anakisema vizuri sana.

Hapo filamu imefika kwenye shabaha yake. Msemaji hodari kuliko wote katika hadithi hii ni muuaji, na anayepaswa kumkabili ni mtu asiyeweza kusoma ukurasa mmoja bila kukwama. Waswahili walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Sisi Wakenya tuliokulia katika mikutano ya hadhara hatuhitaji kufafanuliwa. Tumewasikia mabingwa wa majukwaa wakitiririka kama Chania wakati wa masika, methali hii na kichekesho kile, halafu barabara haikujengwa. Hao hawajawahi kushikwa na kigugumizi hata siku moja.

Tukio la pili ni la mwisho. Hotuba ya vita imemalizika. Logue anamtania mfalme kwamba bado alikwama kwenye herufi moja. Mfalme anamjibu kwa mzaha kuwa ilibidi aache kukwama kidogo, watu wajue ni yeye. Ni utani, lakini una ukweli wote wa filamu. Hajapona. Amesema. Kupona na kusema ni vitu viwili, na wengi wenye kigugumizi hupata hicho cha pili bila kile cha kwanza.

Palipopinda

Filamu ina kasoro, na nyingine si ndogo. Historia imekunjwakunjwa. Inatufanya tudhani Albert alikutana na Logue katika miaka ya thelathini; ukweli ni kwamba walianza kazi Oktoba 1926, na Mei 1927 tayari alikuwa amefungua Bunge la Canberra kwa hotuba iliyokwenda vyema. Churchill anaonyeshwa akiwa upande wa Albert tangu mwanzo, ilhali alimtetea yule kaka hadi dakika za mwisho. Haya tunaweza kuyasamehe. Msimuliaji hukata nguo ili imkae mtu.

Nisilolisamehe kwa urahisi ni maelezo ya chanzo. Tunaambiwa Albert alilazimishwa kutumia mkono wa kulia, alifungwa vyuma miguuni, yaya alimnyima chakula, baba alimfokea. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba kigugumizi ni jeraha la malezi mabaya. Kwa hadithi hilo linafaa. Kwa elimu halitoshi. Utafiti wa leo unakiona kigugumizi kuwa ni suala la ukuaji wa ubongo, na kwamba nasaba ina mchango mkubwa. Ukali wa mzazi unaweza kuzidisha mateso ya mtoto, lakini mama wa Makongeni mwenye mtoto anayekwama asijilaumu kwamba yeye ndiye aliyemharibu.

Takwimu zinazokubalika ni kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 hupitia kigugumizi, wengi wao kikawaacha wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake takriban mara nne. Shule yenye wanafunzi 1,000 itarajie kumi hivi. Je, mwalimu wao anawajua?

Nikiri pia kwamba filamu inayacheka vizuri matibabu ya kubahatisha. Daktari mmoja anamjaza mwana wa mfalme gololi mdomoni, zile ambazo watoto wetu huita bano. Madaktari wengine wanamsifia sigara kwamba hulegeza koo. Mfalme huyo alikatwa pafu lenye saratani mwaka wa 1951 na akafa akiwa na miaka 56. Dawa za kienyeji si za Waafrika peke yao.

Lafudhi si ugonjwa

Hapa kuna jambo la isimu ambalo wahakiki wengi hawakuligusa. Logue, mganga wa ulimi wa mfalme, naye ana tatizo la ulimi machoni pa Waingereza. Anapenda uigizaji. Anakwenda kujaribiwa katika tamthilia ya Shakespeare, na kabla hajafika mbali anakatizwa kwa dharau: sauti yake ni ya makoloni. Hana kigugumizi. Ana lafudhi. Kwa wenye masikio ya kujikweza, hayo mawili ni kitu kimoja.

Sisi tuna masikio hayo hayo. Njoo Thika, mji uliopakana na Ukambani, usikilize. Kikuyu hakina sauti ya l, na Kikamba hakina r. Mmoja huja akakwambia anakwenda ‘kura shakura’, jirani yake akakujibu kwamba yeye anakwenda kupiga ‘kula’. Tunacheka, na kicheko si dhambi. Hata wanasiasa wamefanya kura na kula kuwa neno moja, nao hawakusukumwa na athari za lugha ya mama! Lakini darasani kicheko hiki huwa rungu. Mwanafunzi wa Ruiru mwenye fikra nzuri hukaa kimya kipindi kizima kwa sababu ya konsonanti moja.

Wanaisimu tunatenganisha mambo haya waziwazi. Lafudhi ni alama ya ulikotoka. Kithembe ni kasoro ya kutamka sauti fulani, kama vile s kuwa th. Kigugumizi ni kukatika kwa mtiririko wa usemi. Hakuna kati ya hayo kinachotuambia chochote kuhusu akili wala ukweli wa msemaji.

Sarufi yenye huruma kuliko sisi

Jambo la kutia moyo ni kwamba Kiswahili chenyewe kina adabu kutuzidi. Tazama majina ya walemavu katika lugha yetu: kipofu, kiziwi, kiwete. Yote yana kiambishi cha KI, kile cha vitu. Mjadala kuhusu majina hayo umekuwa mrefu, na mji wa Thika, ambao shule yake ya wasioona inajulikana nchi nzima, una sababu ya kuufuatilia. Leo wengi wetu twasema asiyeona au mwenye ulemavu wa macho.

Kigugumizi nacho kina KI, lakini si jina la mtu. Ni jina la hali. Kiswahili sanifu hakimwiti mtu ‘kigugumizi’. Husema ana kigugumizi, au ameshikwa na kigugumizi, kama mtu aliyeshikwa na mvua njiani. Mtu kabaki mtu. Sarufi ilikwisha kufanya kile ambacho filamu ilihitaji takriban saa mbili kukifanya: ilimtenga mtu na kukwama kwake.

Kwa nini basi tunakirudisha kwa njia ya sitiari? Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha, mkazi wa Ruiru, alinieleza kwamba taabu yake kubwa haikuwa mitihani. Ilikuwa ‘shukisha’. Matatu imejaa, makanga yuko mlangoni, muziki uko juu, steji inakaribia, na neno moja halitoki. Steji ilimpita mara nyingi, akarudi kwa miguu kando ya barabara kuu ya Thika. Mwishowe akajifunza kugonga chuma kwa sarafu. Kijana huyo alikuwa anaogopa nini? Anajua anakokwenda kuliko dereva. Mwite mwoga, na yule waziri mwenye kukwepa maswali utamwita nani?

Kuna mengi walimu wa lugha wanaweza kufanya bila kungoja wataalamu wa tiba ya usemi, ambao ni wachache mno nchini. Katika filamu, Logue anamwachia mfalme aimbe maneno yaliyokataa kusemwa, na yanatoka. Hilo si uchawi wa sinema. Wengi wenye kigugumizi huimba na kughani bila kukwama, na husoma vizuri zaidi wakisoma pamoja na wengine. Sisi wa Kiswahili tuna hazina hapo. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, lenye kituo katikati, ni mkongojo tayari. Kabla ya kumsimamisha mtoto peke yake asome ufahamu, darasa zima lisome naye. Mpe beti aghani. Akikwama, usimmalizie neno, usimwambie atulie au avute pumzi. Msubiri, ukimtazama usoni kama unavyomtazama mwingine yeyote. Na unapopima stadi ya kuzungumza, alama za hoja zikae mbali na alama za mtiririko.

Kwa wahariri ombi langu ni jepesi zaidi, maana halina gharama. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya ukwepaji: kusitasita, kujivuta, kupiga chenga, kuzungukazunguka, kuuma na kupuliza, kujikanyagakanyaga, kufyata mkia. Waziri akikataa kujibu, andika amekataa kujibu. Tume ikichelewesha ripoti kwa makusudi, andika inachelewesha kwa makusudi. Utakuwa umesema ukweli mkali zaidi, na umempunguzia mzigo yule kijana wa kwenye matatu.